Nimeogesha Mutoto, Akakataa Kula

Nyumba yangu inaungua, moshi hauonekani, majirani hawaleti maji. Ni nini?

Musihangaike kutafuta, nitawajibia mimi mwenyewe. Ni wivu. Na nyumba iliyoungua namna hiyo niliiona kwa macho, sababu tulikuwa tunagawana lupango moja, ua moja tu, na robine moja ya maji, pale Kadutu. Ilikuwa nyumba ya Cyprien na muke wake Georgette. Wazungu walikuwa wangali wanatawala, lakini walikuwa wamekwisha kuacha kuita muji wetu Costermansville; ilikuwa tena Bukavu, kama vile sisi tulikuwa tunaiita siku zote.

Georgette alikuwa mwanamuke wa sufuria. Kule foyer, ambako wamama wa kizungu walikuwa wanafundisha wake wa wafanyakazi kushona na kupiga pasi, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kutazama nani anashinda kwa usafi, na Georgette alikuwa amepewa beseni ya maua ya kuchorwa mbele ya watu wote. Tangu siku ile hakulala vizuri kama sufuria ina doa. Alizisugua na majivu, na muchanga, na ndimu, kisha alizianika matako juu, yakiangalia barabara, ili kila mupita njia aone sura yake mule ndani. Mimi sufuria zangu zilikuwa na mugongo mweusi kama za watu wote. Alipopita karibu nazo alikuwa anageuza macho, kama mutu ameona jirani yake uchi.

Walikuwa hawajapata mutoto. Hilo halikusemwa katika lupango, lakini lilikuwa linakaa nasi kila jioni kama mugeni asiyeaga.

Cyprien alikuwa zamani anabeba makasha kwenye depo moja ya Nyawera. Halafu muzungu mumoja, Enjeniere Delvigne, alimuona anachora namba chini kwa kijiti, akamuchukua. Kazi yao ilikuwa Ibanda, kwenye muteremuko unaoangalia ziwa. Walikuwa wanatengeneza masini ya kuchemsha maji kwa jua. Ilikuwa kama ule mutumbwi tunaokanyagia ndizi za pombe ya kasiksi, lakini murefu kuliko nyumba, na tumboni umejaa vipande vya kioo. Vioo vinakusanya jua na kulitupa lote mahali pamoja, juu ya bomba la shaba linalopita katikati. Ndani ya bomba munapita maji. Enjeniere alitaka masini ile iende Bunyakiri, kwenye dispensaire, ichemshe sindano na vitambaa vya wagonjwa bila mutu kwenda porini kukata kuni.

Mbele ya kujenga ile kubwa walifanya kwanza mufano mudogo, wa urefu wa mukono, na hesabu nyingi sana. Cyprien alikuwa anatueleza jioni, tumekaa kwenye mafiga yangu.

«Joto iko na njia tatu za kutembea,» aliniambia. «Mama Agathe, shika ile kijiko iko ndani ya chungu. Imekuchoma? Ile ni njia ya kwanza, joto inapita ndani ya kitu. Sasa ona mvuke inapanda, upepo inaibeba: ile ni ya pili. Ya tatu, uso wako iko moto na mugongo iko baridi. Nani amegusa uso wako? Hakuna mutu. Moto yenyewe imejitupa, kama jiwe.»

«Na hesabu ni ya nini?» mume wangu Philémon aliuliza.

«Kujua mbele. Jua inaleta kiasi gani, bomba inakula kiasi gani, upepo inaiba kiasi gani. Nikijua hizo, ninakuambia maji itachemka saa gani, na bado sijawasha kitu.»

Georgette alikuwa anamusikiliza akichekea ndani ya kikwembe chake. Wakati ule alikuwa na furaha. Nami niliwatazama, nikasema moyoni: wale wawili hawana haja ya taa.

Halafu akaja Adélaïde.

Alikuwa mujane, mutu wa Shabunda, murefu, na pengo katika meno ya mbele ambalo lilifanya kicheko chake kipige mbinja. Aliuza pale soko la Nyawera utomvu wa muti wa mupafu, ule unaotoka porini, ambao ukiuwasha unatoa mwanga kidogo na moshi mweusi mwingi. Alipenda vitendawili kama mimi, na kwa hiyo tu nilimupenda. Mukizidi kunitazama vibaya sababu ya hilo, basi, Georgette naye alinitazama hivyo hivyo.

Ilikuwa hivi. Bomba lilipaswa kupakwa rangi nyeusi. Rangi waliyoleta kutoka Ulaya ilipopata lile jua la vioo ikachubuka kama ngozi ya mutu aliyeungua. Cyprien akakumbuka moshi wa mupafu. Akamuita Adélaïde, naye akawasha utomvu wake chini ya bomba, akaligeuza pole pole mupaka likawa jeusi kama usiku wa porini, na masizi yale yakashika, hayakutoka. Enjeniere akamuandika kazi siku ile ile. Asubuhi kwa asubuhi, kama masizi yamefifia mahali, Adélaïde alirudishia.

Wanawake wa soko hawakukawia.

«Maman Georgette, salamu! Bwana yako amepata muke wa moshi, ee?»

«Bwana yangu amepata mufanyakazi,» alijibu.

«Mufanyakazi anayecheka tangu asubuhi mupaka jioni! Hata mimi nataka kazi ya namna ile.»

Siku moja Georgette alikuwa anafua kwenye robine, nami niko nachagua maharagi. Akaacha kusugua. Alikuwa ameshika shati ya Cyprien mbele ya jua. Kwenye bega kulikuwa na alama nyeusi: vidole vinne, vimepangika vizuri. Hakuifua. Aliiweka kando, akangoja bwana yake.

«Papa Cyprien, hii ni nini?»

«Masizi.»

«Masizi ninaiona. Ninakuuliza vidole.»

«A! Ni ya Adélaïde. Bomba iliteleza, akanishika.»

«Bomba iliteleza, akashika wewe. Hakuona bomba?»

Cyprien alicheka, na hapo ndipo alikosea, sababu ukicheka mbele ya wivu unaupulizia. Alipoona muke wake hacheki naye, akakaa karibu yake, akasema kwa upole: «Georgette, sikia. Ile masizi ndiyo kazi yenyewe. Jua ikifika juu ya bomba, kama bomba haina masizi...»

«Usinitajie bomba.»

«Ninakueleza tu sababu gani...»

«Usinitajie masizi! Usinitajie huyo mutu! Kula bugali yako.»

Akala. Lile neno halikumalizika tena katika nyumba ile. Mimi pia nililisikia nusu kupitia ukuta, na sikuuliza nusu nyingine. Mutu mwenye wivu anaziba masikio yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha analalamika kwamba hakuna anayemuambia kitu.

Basi, ikatangazwa siku ya wageni. Wakubwa wa provensi wangekuja pamoja na munganga wa dispensaire kutazama masini. Maji yakichemka mbele yao, masini itajengwa Bunyakiri na Cyprien ataenda kuwa mukubwa wake, na nyumba ya kazi. Yasipochemka, vioo vitang'olewa, na yeye atarudia makasha ya Nyawera. Enjeniere alimuambia hivyo bila kumuficha.

Cyprien alifika nyumbani akitembea kama mutu amebeba yai kinywani. Akamueleza muke wake yote. Akamalizia: «Na Adélaïde atakuja na sisi Bunyakiri. Kama hayuko, nani atafanya bomba?»

Ah, Cyprien! Namba alizijua, lakini hapo hakuhesabu.

Jioni ile Georgette alikuja kuniomba ndimu kwenye muti wangu, nyingi, mupaka nikamuuliza kama anataka kuosha muji muzima.

«Mama Agathe,» akaniambia, «kama lile bomba ningelisafisha mimi, wangehitaji yule mwanamuke kwa kazi gani?»

«Kwani bomba iko na uchafu?»

«Umekwisha kuiona? Nyeusi titititi. Wageni wakubwa watatoka mbali kuangalia kitu kama sehemu ya chini ya chungu cha mulevi! Na bwana yangu atasimama kando yake, amevaa shati ambayo nimepiga pasi. Wataona nani anajua kazi.»

Nami nikamupa ndimu. Nilifikiri ni maneno ya hasira tu, ya kutapika na kulala.

Kumbe hapana. Asubuhi ya siku ya wageni, ukungu ungali juu ya ziwa, alishuka mupaka Ibanda na chakula cha Cyprien katika beseni yake ya maua. Cyprien na Enjeniere walikuwa wameenda kuchukua viti kwa jirani mumoja muzungu. Adélaïde alikuwa amemaliza sehemu yake jana yake, na alikuwa bado hajafika. Bulonza, zamu aliyelinda mulango, alimujua, akamufungulia. Bomba lilikuwa tayari mahali pake katikati ya vioo, limefunikwa magunia, na kamba imefungwa ili magunia yavutwe mara moja mbele ya wageni.

Alifunua kipande kwa kipande. Chini ya chakula beseni ilikuwa na majivu, muchanga na ndimu zangu. Alisugua. Baadaye alinieleza kwamba shaba ilipoanza kutoka chini ya masizi, nyekundu, safi, kama hereni mupya, alisikia ndani ya kifua chake kitu kama kicheko. Kila kipande alichosugua alikuwa anaondoa kidole kimoja juu ya bega la bwana yake. Akamaliza, akafunika, akanawa mikono, akatoka kwa Bulonza akimuachia kipande cha muhogo.

Wageni wakafika wakati jua lilikuwa limekwisha kupanda vizuri. Sisi wake wa wafanyakazi tuliruhusiwa kusimama nyuma ya ukuta wa matete uliozuia upepo wa ziwa. Georgette alisimama mbele yetu sisi wote, ameinua shingo. Adélaïde alikuwa upande mwingine, peke yake, na kifungu chake cha utomvu kimefungwa kwenye kikwembe.

Enjeniere Delvigne akasema maneno mengi. Alionyesha kijiti kilichosimamishwa chini na jiwe lililopakwa chokaa. Cyprien akageuza kwa Kiswahili ili sisi pia tusikie: hesabu imesema, mbele ya kivuli cha kijiti kugusa jiwe lile, maji yatachemka na filimbi iliyowekwa mwisho wa bomba italia. Kisha akavuta kamba.

Magunia yalianguka, na mwanga ukaruka! Tuliziba macho. Bomba lilikuwa linawaka kama upanga, huwezi kulitazama. Wale wakubwa wakasema «Oh!» na kupiga makofi. Georgette akanikanyaga muguu kwa furaha.

«Umeona?» akaninong'oneza. «Hata bado hawajajua ni nani.»

Tukangoja. Kivuli kilikuwa kinatambaa. Cyprien aliinama kwenye kipimo cha joto, akasimama, akainama tena. Wakubwa wakaanza kuzungumuza mambo yao. Mumoja akatazama saa yake. Upande wa mulima Kahuzi mawingu yalikuwa yanaanza kupandana, kama kila siku wakati ule wa mwaka. Kivuli kikagusa jiwe. Filimbi haikulia. Kivuli kikapanda juu ya jiwe, kikalipita.

«Cyprien! Iko nini?» Enjeniere aliuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuogopa. «Hesabu inasema ndiyo, masini inasema hapana!»

Cyprien alichukua kile kioo cheusi ambacho wachomelea chuma wanaweka mbele ya macho. Akatazama bomba. Alipogeuka, uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyekuta nyumba yake imefunguliwa.

«Masizi haiko,» akasema. «Bomba imesuguliwa. Iko inarudisha jua yote nje, kama kioo. Haikuli kitu!»

Enjeniere akamugeukia Adélaïde. «Wewe! Ni kazi yako. Umefanya nini?»

Nilimutazama Georgette. Kile alichotaka kilikuwa kimefika: yule mwanamuke amesimama katikati ya watu, kidole cha muzungu kinamuonyesha, na mukubwa mumoja anasema neno la kumufukuza. Lakini pale pale kando yake, Cyprien alikuwa amekaa chini kwenye majani, mikono juu ya kichwa, kama vile wanavyokaa wabeba makasha wakingoja lori.

Adélaïde alitutazama sisi wanawake, mumoja mumoja, pole pole. Macho yake yakafika kwenye mikono ya Georgette, iliyokuwa myeupe kwa majivu kwenye kucha, na yakakaa pale. Halafu akasema kwa sauti, kama tuko kwenye mafiga:

«Wamama, tegueni hiki. Nimeogesha mutoto, akakataa kula.»

Hakuna aliyetegua. Neno «mutoto» mbele ya Georgette, mbele ya wote! Nikafikiri atamurukia. Hapana. Akapita kando ya ukuta wa matete, akaenda mupaka mbele ya Enjeniere, akasimama namna walivyomufundisha foyer, mikono imekunjwa.

«Ni mimi, Bwana. Nimeisugua na majivu na ndimu. Nilifikiri ni uchafu. Huyu mama hana kosa.»

Cyprien aliinua kichwa. «Georgette? Sababu gani?»

«Sababu unaijua,» akasema, bila kumutazama.

Enjeniere aliinua mikono juu na kuiangusha. Wakubwa walicheka, wakaanza kutafuta kofia zao. Hapo Cyprien akasimama, akawapita mbio, akamuambia Enjeniere Kifaransa kingi ambacho sikukifahamu, akionyesha jua, mawingu, na jiwe la chokaa. Enjeniere akaleta viti, akaleta bia, akawaomba wakae kidogo tena. Wakakaa, sababu ya bia.

Cyprien na Bulonza wakageuza vioo visiangalie jua, wakafungua bomba, wakalitoa. Adélaïde alikwisha kuwasha utomvu kwenye kigae.

«Ninahitaji mutu wa kushika mwisho ile ingine,» akasema. «Wanaume mutalitikisa. Anayejua kusugua anajua kugeuza. Mama Georgette, kuya.»

Georgette alikuwa amevaa nguo yake ya kushonwa foyer, yenye kola nyeupe. Akaenda. Akafunga kikwembe mikononi, akashika. Wakaanza kugeuza bomba juu ya moshi kama watu wanaochoma mbuzi, huyu kule, huyu huku, wakitazamana kupitia ule weusi.

«Pole pole,» Adélaïde alisema. «Si sufuria ya mashindano.»

«Geuza yako, niachie yangu.»

«Unanichukia, ee?»

«Ninakuchukia.»

«Ni vizuri. Lakini usiache kugeuza. Na sikia: bwana yako simutaki. Ananuka chuma, na tangu asubuhi ananihubiria digrii. Ningepata mwanaume, ningetafuta mwenye kunyamaza.»

«Na vidole?»

«Vidole gani?»

«Juu ya shati.»

Adélaïde alifikiri, kisha mbinja ya meno yake ikalia. «Siku ile? Alikuwa anataka kuanguka juu ya vioo! Ningemuacha akatike uso, leo ungekuwa na bwana wa namna gani?»

Georgette hakucheka. Lakini nilimuona akisogea mbele kidogo, ili upande wake ushike moshi vizuri.

Bomba likarudi mahali pake, jeusi. Kola nyeupe ikawa nyeusi pia, na uso, na beseni ya maua ambamo alitaka kunawa. Cyprien akageuza vioo. Safari hii hapakuwa na mwanga wa kuruka, hakuna aliyeziba macho, hakuna aliyepiga makofi. Bomba lilinyamaza, likanywa jua. Wingu la kwanza lilikuwa limekwisha kufunika kilima cha nyuma, kivuli chake kinashuka kuja kwetu.

Wanawake wawili walisimama pamoja, wote weusi, wakitazama lile wingu.

Filimbi ililia kwanza kidogo, kama mutoto anayeamuka. Kisha ikalia kabisa! Mvuke ukatoka mweupe, ukapanda, munganga wa dispensaire akasimama na gilasi yake mukononi akisema «Bunyakiri, Bunyakiri!», na Enjeniere akamukumbatia Bulonza zamu, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake. Halafu wingu likafika, na filimbi ikanyamaza. Lakini wote walikuwa wamekwisha kusikia.

Mimi sikutazama mvuke. Nilimutazama Georgette, naye alikuwa anamutazama Cyprien. Nilijua anangoja nini: atamugeukia nani kwanza, yeye au yule? Adélaïde naye alijua, akakunja mikono, akangoja pamoja naye.

Cyprien hakumugeukia yeyote. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kipimo cha joto, anakiangalia kama mutu anaangalia mutoto aliyezaliwa sasa hivi, na alikuwa analia.

«Maman,» Adélaïde akasema, «muke mwenzako ni ile pale. Mimi niko mupita njia.»

Na Georgette, masizi mupaka kwenye kope, akajibu: «Ninaiona.»

Walienda Bunyakiri wote watatu. Sufuria zake alizisugua hivyo hivyo, lakini moja aliiacha na mugongo mweusi, na ukimuuliza sababu, anakutuma kuchota maji. Wivu haukuisha, ulihama tu. Siku za jua kali alikuwa anaamuka na uso wa kukunjwa, anamupa Cyprien chakula chake bila neno, na kumutazama mupaka anapotea kwenye njia ya dispensaire. Nilipoenda kumutembelea mara moja, tukaamuka mvua imefunga milima yote, jua hakuna, masini haiwezi kitu. Cyprien alibaki nyumbani, anamenya ndizi.

Georgette alikuwa anaimba tangu alfajiri.